Dereva Amtafutia Mkewe Hema

Katika mji ule wenye kanisa kuu la kale, mgeni aliyetaka kulala kwenye hema la kifahari, lenye kitanda, shuka safi na maji ya moto, aliambiwa amtafute dereva teksi waliyemwita Ramani. Kwa miaka kumi na tisa alipeleka watu kwenye mahema ya pembezoni mwa mji, na sifa zilimvimbisha kichwa. "Hapa utalala usingizi wa pono," aliwaambia wote. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia ndani ya hema hata moja. Alichokijua hasa ni barabara ya kufika na mahali pa kugeuzia gari.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa na nyonga mbovu, na zilikuwa zimebaki siku mbili apasuliwe. Daktari hakuahidi kitu. Basi mama wa watu akaomba jambo moja: alale nje ya mji usiku mmoja, aamke auone mnara wa kanisa walimofunga ndoa.

"Hilo tu?" Ramani alisema. "Hiyo kwangu kazi ndogo."

Hema la kwanza, alilolisifu kuliko yote, kitanda chake kilikaribia kugusa sakafu. Mkewe alikaa, akashindwa kuinuka, ikabidi Ramani na mhudumu wamvute mikono. La pili, choo kilikuwa bondeni, ngazi thelathini na mbili. Mkewe alizihesabu kwa macho, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee, wageni wako wote walikuwa wanasarakasi?"

Ramani aliona aibu. Aliwakumbuka wazee aliowashusha pale, akapokea asante zao na kuondoka zake.

Walipokuwa wanarudi, mkewe akaonyesha kibao cha mbao kwenye kichochoro kati ya bustani mbili.

"Na pale je?"

"Pale hapana. Hakuna pa kugeuzia."

"Kwani leo anayelala ni mimi au gari?"

Wakaingia. Mama mwenye bustani aliwaonyesha hema lililopauka rangi, lakini lilikuwa na kitanda cha chuma kilichoinuka vizuri, na choo nyuma ya pazia. Mkewe akakaa, nyayo zikafika chini. Akainuka mwenyewe, akakaa, akainuka tena, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Dirishani mnara ulionekana nusu, nusu nyingine imezibwa na mti.

"Hapahapa," akasema.

Ramani alileta begi, akaliweka kitandani. Mkewe alikuwa bado anatazama dirishani.

"Miaka kumi na tisa unawapeleka watu walale pazuri," alisema, bila hasira. "Mimi umenileta leo kwa sababu naumwa."

Ramani akamsogelea.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusikia," alisema mkewe. "Sasa njoo univue viatu."