Wali wa Idi nimeupalia, mtake msitake

Leo nimepika wali wa nazi wa Idi huku Ujerumani, kwenye kijichumba chenye jiko humo humo, ambacho nikifungua friji, mlango wa kutokea haufunguki.

Na nimeupalia.

Wifi yangu, mtu wa Kibaha, Kwa Mathias kabisa, alikuja asubuhi kunisaidia. Kusaidia kwenyewe alikaa kitandani na simu yake.

"Wifi, huku mkaa utautoa wapi? Funika tu, zima jiko, tule."

Mimi nimezaliwa Marui, Kisarawe. Kwetu wali wa Idi usiopaliwa, yaani usiowekewa moto juu ya mfuniko, ni chakula cha mgonjwa.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Mkaa hakuna."

"Marahaba. Na chuma kizito nacho huna?"

Ninacho. Nikachukua kikaango cha chuma, nikakipasha mpaka kikafuka moshi, nikakiweka juu ya mfuniko.

Wifi akapiga picha, akairusha kwenye grupu la familia: "Jamani, huyu anapiga wali pasi."

Sawa. Nimeupiga pasi.

Nilipofunua, punje moja moja, na ile harufu mnayoijua. Wifi akajisogeza na sahani. Akala sahani ya kwanza, akaongeza ya pili. Kisha akauliza kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Wifi yangu, na ukoko je?"

Ukoko nimeula mimi. Nimeula nimesimama hapo hapo jikoni, wakati yeye anasoma watu wanavyoicheka picha yake.

Nyie mngembakizia?