Nyanya yangu Bi Madebe, na siku nzige walipoingia Mji wa Kale

Wakuu, salaam aleikum.

Tangu asubuhi nasoma nyuzi za watu wanaopanda sukuma kwenye chupa za plastiki na mapipa mabovu, nikacheka peke yangu. Kwetu jambo hilo lina zaidi ya miaka mia. Basi na mimi niwape la nyumbani. Sina picha wala karatasi, ila niliisikia kwa mwenyewe, tena mara nyingi hata nikawa najua atavuta pumzi wapi.

Mwenyewe ni nyanya yangu, mamake mamangu. Jina lake Mwanaidi, lakini Mji wa Kale, hapa Mombasa, walimwita Bi Madebe. Alifariki mkongwe sana, mimi niko shule ya msingi.

Haya yalitokea miaka ile reli ndiyo kwanza inajengwa kutoka Kilindini. Nyanya alikuwa bi harusi mpya, ametolewa Lamu kuja kuolewa Mombasa. Hakuwa na ndugu hapa, hakuwa na shoga.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba nyumba haikuwa na bustani. Kwao Lamu kulikuwa na kiwanja nyuma, mamake akipanda maua. Hapa ni ukuta na ukuta, na vichochoro vyembamba hata majirani wanaweza kupeana kikombe cha chai kwa mkono, dirisha kwa dirisha.

Ila juu kulikuwa na sakafu bapa, jua tele, pa kuanikia nguo.

Sasa huko Kilindini madebe matupu ya mafuta ya taa yalikuwa yakitupwa ovyo. Nyanya akamwomba mumewe amletee moja. Babu alikuwa na duka la nguo, mtu nadhifu, akaona haya kuonekana na debe la kutupwa. Akalifunga kwa kitambaa kama mzigo wa dukani. Njia nzima debe likilia ndani ya kitambaa na watu wakigeuka kumtazama.

Likaja la pili. Likaja la tatu. Mchanga aliletewa na hamali kutoka mashamba ya Makupa. Nyanya akatoboa madebe chini kwa msumari, akatia makumbi ya nazi, akapanda. Akimwagilia maji ya kuoshea mchele, na mbolea ni maganda ya jikoni.

Mwaka haujaisha alikuwa na madebe kumi na sita. Mrehani, waridi, na zaidi ya yote asumini. Katika debe moja kulikuwa na mche wa kilua, ua la harufu nzuri, aliokuja nao kutoka Lamu, alioupanda mamake kwa mkono wake. Huo haukuwa umetoa ua hata moja, lakini ndio aliouamkia kila siku.

Mavyaa yake, yaani mamake babu, Bi Zuhura, hakupendezwa.

"Mwanangu," akamwambia, "nyumba hini si bohari. Watu wapita chini wanusa samadi. Harusi ya Rukia ikisha, madebe yashuke."

Rukia alikuwa binti yake Bi Zuhura, wifi yake nyanya. Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Mavyaa alikuwa hajibiwi, wakuu, labda siku hizi.

Na jirani wa ng'ambo ya kichochoro, Shirinbai, mke wa Mhindi wa Kibohora muuza vyombo, naye alikuwa na lake. Maji ya madebe yalikuwa yamemdondokea kwenye pilipili alizoanika dirishani, zikaoza. Miezi miwili hawakusemezana. Wakikutana juu kila mmoja ageuza uso.

Basi hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Jumatano wanawake waliokuwa wakileta asumini mjini walirudi na vikapu vitupu. Wakasema nzige wameshuka Makupa tangu jana, mashamba yamebaki vijiti, asumini haipatikani hata ya dawa.

Kwa asiyejua, kwetu harusi bila asumini ni kama pilau bila nyama. Bi harusi atavaa nini shingoni? Kikuba, lile shada la kuvaa, kitasukwa na nini? Kitanda kitatandazwa nini juu yake? Rukia alijifungia chumbani akalia.

Bi Zuhura akakaa kitako, kisha akainua uso akamtazama nyanya.

"Huko juu," akamuuliza polepole, "yako mangapi yenye asumini?"

"Kumi, mama."

"Yatatosha?"

"Yatatosha. Yafunguka kesho kutwa jioni, Inshallah."

Nyanya alikuwa akituambia kwamba hapo alitamani kucheka, akajizuia kwa kuuma leso.

Alhamisi, jua limepanda, yuko juu anamwagilia. Akaona mwanga umefifia, na mawingu hakuna. Kisha akasikia sauti kama mafuta yanayochemka kikaangoni, kubwa, inatoka upande wa bara.

Mmoja akamwangukia begani. Mwekundu, urefu wa kidole.

Akapiga ukelele. Bi Zuhura akapanda ngazi mbio, mama mnene yule ambaye hakuwa amefika juu tangu nyanya aolewe. Nyuma yake Rukia na hina yake mikononi. Wanaume wote walikuwa madukani.

Kwanza walifukuza kwa mikono na mifagio. Wapi. Unatoa mmoja wanatua kumi.

"Nguo," nyanya akasema. "Tuyafunike."

Iliyoanikwa siku hiyo ilikuwa shuka moja tu. Rukia akateremka, akarudi na sanduku lake la harusi, akalifungua palepale juani. Leso mpya, doria, vitambaa ambavyo hata mumewe hajaviona. Bi Zuhura akamshika mkono.

"Rukia, hizo ni nguo zako za kuolewa nazo."

"Niolewe na nguo bila ua, mama? Shika upande huo."

Wakafunika madebe sita, nguo zikaisha. Nzige walikuwa sasa hadi kwenye nywele.

Hapo ndipo kitu kilipomgonga nyanya mgongoni. Akageuka. Ni furushi. Shirinbai amesimama ukingoni mwa sakafu yake, ng'ambo, amejifunika uso kwa mtandio, anarusha la pili.

"Matandiko ya vitanda vyangu," akasema. "Mapana. Funga kwa chini wasiingie."

Na yeye mwenyewe akachukua sinia la shaba akaanza kulipiga kwa mwiko. Nzige huogopa kelele, wakuu. Pale sinia lilipolia, waliinuka kidogo.

Bi Zuhura akatazama huku na huku. "Sisi hatuna cha kupiga. Vyombo vyote viko kwa wapishi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, utamwaga debe moja?"

Madebe kumi na sita na yote yana uhai ndani.

Nyanya akaenda moja kwa moja kwenye kilua cha mamake. Asumini, waridi na mrehani vilikuwa vya harusi ya watu, kilua kilikuwa chake. Akalilaza debe, akautoa mche na mchanga wake wote, akamkabidhi mavyaa debe tupu. Alikuwa akisema hakuhisi machozi mpaka alipoyaonja.

Bi Zuhura akalipiga debe lile kwa mchi wa kinu, wakuu, mpaka mitaa ya nyuma wakasikia. Wanawake wa nyumba nyingine nao wakapanda juu na masufuria, na vifuniko, na matwazi. Mji wa Kale mzima ukawa ngoma. Wengine hawakuwa na ua hata moja la kuokoa. Walipiga tu kwa sababu jirani anapiga.

Nzige wakapita wakielekea ng'ambo ya Kisauni. Kulipotulia, madebe matatu yalikuwa yameliwa hadi vijiti. Kumi na mawili yako salama chini ya nguo. Kwenye leso za Rukia kuna matundu, maana nzige hawakuchagua. Leso moja Rukia aliitunza mpaka uzeeni. Nimeiona, nimetia kidole kwenye tundu.

Nyanya alipoutafuta mche wa kilua pale juu hakuuona. Akadhani umefagiwa. Aliposhuka chini akamkuta Bi Zuhura uani, amepiga magoti, anaupanda ndani ya bakuli lake kubwa la Kichina la maua ya buluu, ambalo hakuna aliyeruhusiwa hata kulifuta vumbi.

"Usinitazame hivyo," akamwambia. "Niletee maji ya mchele."

Habari ya kushusha madebe haikutajwa tena.

Ijumaa jioni walichuma asumini kabla hazijafunguka, wanne, pamoja na Shirinbai. Rukia akavaa kikuba hadi kifuani. Nyanya akasuka kingine kidogo, akampa Shirinbai, akamwomba radhi kwa pilipili zake.

Shirinbai akanusa. "Pilipili nitaanika tena," akasema. "Wewe nifundishe kutoboa debe."

Na kwenye karamu, pembeni ya pilau, kulikuwa na masinia ya nzige wa kukaanga kwa ndimu na chumvi. Watoto wa mtaa waliwaokota kwa vikapu, na nzige ni halali. Upande wa bwana harusi walisita, kisha wakamaliza masinia mawili.

Wanawake walipoanza kupiga vugo, zile pembe za ngoma ya harusi, mmoja akatunga papo hapo, *Bi Madebe wa Lamu, kaokoa harusi yetu*, wengine wakaitikia. Nyanya akainuka akacheza. Alisema ndiyo mara ya kwanza kucheza tangu aingie Mombasa, na ndiyo siku aliyoacha kuhesabu miezi tangu aondoke kwao.

Funzo nililolipata mimi, wakuu, ni dogo. Jirani anayeokota takataka usiharakishe kumcheka. Huenda anajijengea pa kukaa. Na jirani uliyenuniana naye, siku ya nzige ndiye aliye karibu.

Sasa nanyi semeni. Kwenu mama au nyanya alipandia nini? Na kama kuna aliyewahi kula nzige wa kukaanga, aniambie ukweli. Nyanya alinihakikishia ni watamu kama kamba wadogo, lakini yule mama akitaka ule kitu, alikuwa haoni tabu kutia chumvi.