Sauti Niliyoificha Nyuma ya Kinanda

Nilikuwa na kiburi cha watu wa pwani, sikatai. Nilipopelekwa kufundisha kuimba katika shule ndogo ya misheni upande wa Mkonze, enzi za Mdachi, nilifika na kinanda cha kukanyaga na uso wa mtu aliyeonewa. Kigogo sikukijua zaidi ya "mbukwenyi". Nikishawasalimu watu asubuhi, nilikuwa nimemaliza maneno yangu yote ya siku. Nyumbani sikuwa na wa kusema naye, na upweke ulinitesa kuliko jua la kule.

Saa moja tu niliitazamia kila siku, ya kipindi cha kuimba. Na hicho ndicho kilichokuwa kinanifia mikononi. Nilipiga kinanda, nikainua mkono, nikasema, "Haya, imbeni!" Wanafunzi kumi na wanane wakanitazama kwa adabu, kimya. Nikapiga tena. Nikafoka, nikagonga meza kwa fimbo, nikawaita wabishi na mengine ninayoyaonea haya hadi leo. Kimya.

Mkuu wa shule, Mdachi mpole wa miwani, akanipa mpaka Jumapili. Wasipoimba kanisani, kipindi kitafutwa, na saa ile watakwenda kulima bustani ya misheni. Nilirudi chumbani nikalia. Kazi ningepewa nyingine. Nilichokililia ni ile saa moja ya kuimba.

Mama aliyetuletea maziwa alikuwa amenisikia nikifoka. Kesho yake aliweka kibuyu chini, akaniuliza kwa Kiswahili alichokiokota pale misheni, "Mwalimu, nani anawaanzishia?"

"Kinanda."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Sanduku lina mdomo? Kwetu mkubwa anaanza, wengine tunaitikia. Mkubwa pale ni wewe. Mtoto atakutanguliaje?"

Kumbe walikuwa wananiheshimu! Lakini mimi sikuwahi kuimba mbele yao hata mara moja. Chuoni wenzangu waliniambia nina sauti ya mbuzi, na tangu siku hiyo nilijificha nyuma ya kinanda.

Siku ile nilikifunga. Fimbo nikaiacha nje ya mlango, nikaketi sakafuni pamoja nao, nikaanza kuimba. Kwenye mstari wa tatu, pale wimbo unapopanda, sauti ikakatika. Nikasubiri kicheko. Badala yake wakaingia wote, kila mmoja na sauti yake, mapema kuliko ilivyoandikwa, wakapafunika pale nilipokwama. Hata mmoja hakucheka. Nilishindwa kuwatazama usoni.

Jumapili nilikwama palepale, nao wakanidaka palepale. Baada ya ibada mkuu akasema wameimba vizuri, ila mahali pamoja wameingia mapema. Nikamjibu kwamba ndivyo tulivyojifunza. Kipindi hakikufutwa.

Kisha vita vikaja, shule ikafungwa, nikarudi pwani. Sasa ni mzee, na nyumba yangu ni kimya. Asubuhi nikifagia ua, huuanza wimbo ule. Nikifika pale unapopanda, sauti hukatika, nami husimama na ufagio mkononi, nikiwasubiri waingie.