Baiskeli iliyochaguliwa kwa vidole

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mwenye buti za mpira na koti la rangi ya chungwa anashuka kwenye baiskeli ya kijivu, anailaza majanini, anapiga magoti na kuweka sikio juu ya bomba la chuma. Sikio la pili analiziba kwa kidole. Anafumba macho.

Anakaa hivyo kwa muda wa pumzi kumi. Kisha anainuka, anajifuta umande shavuni na kucheka anapomwona mwandishi amemkodolea macho.

“Huyu mzima,” anasema, akilipigapiga bomba kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. “Twende mbele.”

Kazini wanamwita Mama Bomba, na jina limemganda hadi nyumbani. Ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na minane amelinda bomba linaloteremsha maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi kwenye tangi la mji, kilomita kumi na saba. Kazi yake ni kugundua linapovuja kabla mji haujaamka na kukuta mifereji mikavu.

“Bomba likiwa zima linanguruma chini kwa chini, kama mtu anayekoroma kwa adabu,” anaeleza. “Likitoboka linapiga mluzi. Mluzi mwembamba sana. Usiposimama na kutulia, huusikii.”

Miaka yote hiyo alitembea kwa miguu, leo nusu ya chini, kesho nusu ya juu. Mwaka jana goti la kushoto likagoma. Asubuhi alikuwa akikaa kitandani dakika kadhaa akilisugua kabla ya kuthubutu kusimama.

“Daktari aliniambia goti limelika kama soli ya kiatu,” anasema. “Nikamwuliza, kiatu napeleka kwa fundi viatu, goti napeleka kwa nani? Akacheka, lakini dawa ya maana hakuwa nayo.”

Msimamizi wake, mwanamume mpole anayechomeka kalamu mbili mfukoni, alimtafutia nafasi kwenye chumba cha pampu: kiti, meza na mita ya kusoma kila saa. Mshahara ungepungua kwa theluthi. Hata hivyo, Mama Bomba anasema si mshahara uliomkosesha usingizi.

“Bomba hili nalijua kila ungio. Nikakae kwenye kiti nisikilize pampu? Pampu inapayuka siku nzima, haina siri yoyote ya kunipa.”

Pikipiki ilizungumzwa, ikaachwa. Njia ni nyembamba, tena injini ingeumeza ule mluzi. Ni daktari aliyetaja baiskeli. Goti lililochoka, alisema, halipendi kubeba mwili, lakini mara nyingi halikatai kuzunguka. Msimamizi akampa mwezi mmoja ajaribu. Asipoweza, chumba cha pampu kingemngoja.

Hapo ndipo lilipoanza tatizo la pili, nalo lilikuwa limekaa kibarazani kwake.

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, alitengeneza baiskeli kwenye kibaraza hicho kwa miaka thelathini na mmoja. Presha ya macho ikaanza kumnyang'anya uoni taratibu, kutoka pembeni kuja katikati. Leo anatofautisha mwanga na kivuli, basi.

Miaka mitatu iliyopita, wakati bado anaficha hali yake, alifunga breki ya mwalimu mmoja wa jirani. Nati moja ndogo haikukazwa. Mwalimu akateremka mlima bila breki, akavunjika mkono.

“Alikuja hapa na plasta yake kunifariji,” Fundi anasema. “Yeye ndiye aliyeumia, na yeye ndiye anayenifariji mimi. Ningetamani angenitukana.”

Jioni ile alitia spana zake zote kwenye ndoo, akaifunika kwa gunia na kuisukuma uvunguni mwa kitanda. Tangu hapo hakugusa baiskeli ya mtu.

“Wateja wakija, nilikuwa nawaambia fundi amehama,” anasema. “Na mimi nimekaa hapohapo mlangoni.”

Mama Bomba alimwomba amsindikize dukani. Alikataa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alikubali kwa sharti moja: angesikiliza tu, asingeshika kitu.

Duka lenyewe ni chumba kirefu kinachonuka mpira mpya, baiskeli zimening'inizwa ukutani kwa magurudumu ya mbele. Muuzaji ni binti wa miaka ishirini na kitu, kucha zake zina grisi. Aliwaamkia, akasikiliza, kisha akateremsha mbili.

Zote zilikuwa za milimani, za bei ya kuanzia: zina springi mbele peke yake, na nyuma ni chuma kitupu kinachoshika gurudumu. Zenye springi kotekote, binti aliwaambia bila kuficha, bei yake inakaribia ya pikipiki, tena ni nzito na zinataka matunzo.

Ya kwanza ilikuwa ya bluu inayometameta, gia ishirini na moja, breki za diski za kuvutwa kwa waya, na tandiko pana. Bei yake ilikuwa mshahara wa miezi miwili. Ya pili ilikuwa ya kijivu, gia tisa, breki za diski za mafuta, na tandiko jembamba. Ilizidi kwa nusu mshahara, na ingeimaliza akiba yote.

“Moyo wangu ulishaondoka na ya bluu,” anakiri Mama Bomba. “Lile tandiko lilikuwa kama kochi. Halafu mtu akuambie hapa gia ishirini na moja, pale tisa, wewe uchukue tisa? Mimi hesabu nilisoma.”

Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma.

“Baba, njoo ushike,” mkewe alimwita.

“Nilikwambia sishiki.”

“Basi nachukua ya bluu.”

Binti anakumbuka kwamba alijifanya anapanga mipira ya ndani kwenye rafu, asijue aangalie wapi.

“Nielezee njia,” Fundi alisema hatimaye.

“Njia gani?”

“Ya bomba. Kuanzia tangini hadi chemchemi. Usiruke hata hatua.”

Mama Bomba akasimama katikati ya duka na kuanza. Kilomita tatu za udongo mgumu. Korongo lenye mchanga unaomeza mguu. Mawe ya ukubwa wa ngumi, kisha mizizi ya miti iliyotambaa njiani kama mishipa ya mkono. Mahali ambapo bomba linakatiza njia kwa kimo cha goti, na huna budi kupita juu yake. Mwisho, mwinuko wa kilomita nzima ambako hata mbuzi husimama kupumua.

“Miaka kumi na minane hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumwambia,” anasema. “Nikirudi nilikuwa nasema nimechoka, yeye ananiwekea maji ya kuoga, basi. Siku ile nilikuwa kama namtembeza.”

Fundi alimkatisha mara moja tu.

“Linakatiza mara ngapi?”

“Kumi na moja. Na kurudi kumi na moja.”

“Kwa hiyo kila siku utaibeba mara ishirini na mbili.”

Akatoa mikono mgongoni.

Alianza na ya bluu. Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaguna, akaishusha. Akamwambia mkewe aiweke katikati ya miguu, nyayo zote chini, kisha akauliza kuna nafasi gani kati yake na chuma cha juu. Hakuna. “Siku utakayoshuka ghafla kwenye mawe, utanitaja kwa ubaya,” alisema, na binti akacheka mpaka akajiziba mdomo.

Akakandamiza usukani kwa uzito wake wote. Springi zilizama kwa raha, kisha zikarudi kwa kishindo. Akarudia, kichwa ameinamisha. “Hii inarudi kama mlango uliopigwa teke. Kwenye mawe itakuwa inakurusha mikono.” Vidole vikashuka kwenye sahani tatu za meno kando ya pedali. “Gia ni nyingi, lakini nusu yake zinarudiana. Na kwenye tope, hapa ndipo cheni inapochomoka.”

Ya kijivu aliinyanyua na kuishikilia hewani kwa muda. Springi zake zilirudi polepole. Mbele ilikuwa na sahani moja tu. Nyuma, Fundi alifungua kiganja na kukilaza juu ya gia kubwa kuliko zote; kiganja hakikutosha kuifunika.

“Hii ndiyo itakayokupandisha ule mwinuko.”

“Na tandiko?” mkewe alilalamika. “Tandiko ni kama ubao wa kukatia vitunguu!”

“Tandiko tutabadilisha kwa dakika tano. Fremu utaibadilisha na nini?”

Binti aliweka mipira chini. “Mzee anasema kweli,” alisema. “Ya bluu ndiyo ninayoiuza zaidi, kwa sababu watu wanahesabu gia.”

Jambo lingeishia hapo. Lakini Fundi, kwa mazoea ya miaka, alikuwa ameshaanza kupapasa spoku za gurudumu la mbele, akizidonoa moja moja kwa ukucha. Kwenye moja alisimama. Akairudia. Imelegea.

“Nipe ufunguo wa spoku,” alisema, na mkono wake, kwa maelezo ya binti, ukabaki umenyooka hewani, kana kwamba si yeye aliyeomba.

Binti aliuweka kiganjani. Fundi akazungusha robo, akadonoa. Robo nyingine, akadonoa. Akaridhika. Kisha uso ukambadilika.

“Mtafute mwenye macho aikague kabla hujapanda,” alimwambia mkewe. “Tafadhali, mama.”

Mama Bomba alivuta usukani, akaitoa baiskeli mlangoni, akapanda na kuondoka nayo barabarani, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja.

“Nilizunguka jengo mara tatu,” anasimulia. “Ningeweza kuzunguka mara moja. Lakini nilitaka anisikie nikipita, na nikipita tena, na nikipita tena.”

Fundi alikuwa ameshika fremu ya mlango. Mkewe aliporudi, alimkuta anafuta macho kwa mkono wa shati. Fundi akamwambia yule binti ni harufu ya mpira.

Ni miezi saba sasa. Mama Bomba anaendesha karibu njia yote, anasukuma kwenye mchanga, na anamaliza kwa siku moja kilichokuwa kinamchukua mbili. Goti bado linamuuma siku za baridi, lakini haliko tena kitandani likimsubiri. Mwezi wa majaribio ulipoisha, msimamizi alimpa mtu mwingine kiti cha chumba cha pampu.

“Amegundua mivujo kumi na minne kabla haijawa shida,” msimamizi anasema. “Mimi nilitaka kumsaidia kwa kumkalisha. Nilikosea.”

Si kwamba mambo yalinyooka tangu siku ya kwanza. Wiki ya pili alianguka korongoni na kuchubuka kiwiko chote. Aliuosha mkono kijitoni, akavaa koti hadi nyumbani, akakaa nalo mezani wakati wa chakula. Hakutaka mumewe ajue.

Lakini Fundi huipapasa baiskeli kila jioni kabla haijaingizwa ndani. Mwisho wa usukani, vidole vyake vikakuta mkwaruzo na punje za mchanga.

“Umeangukia wapi?”

“Korongoni. Kidogo tu.”

Vidole vikahamia kwenye spoku za mbele. “Ni mimi?”

“Ni mchanga, baba. Gurudumu halikufanya kitu. Ni mchanga.”

Fundi aliomba auguse ule mkono. Akaupapasa kutoka bega hadi vidoleni, taratibu, kama alivyokuwa amepapasa fremu dukani. Kisha akaenda chumbani, akapiga magoti, na kuivuta ile ndoo kutoka uvunguni. Usiku huo alipunguza upepo wa matairi, yasizame tena mchangani.

Siku hizi gunia halipo, na ndoo inakaa kibarazani. Majirani wamerudi mmoja mmoja. Kila breki anayoifunga, mwenye baiskeli lazima ainame aikague kwa macho yake kabla ya kuondoka. Asiyetaka kuinama haondoki. Mteja wa kwanza kabisa alikuwa yule mwalimu. Alileta baiskeli ileile.

Hata binti wa dukani humpelekea magurudumu yaliyopinda, na wakati mwingine humpigia simu akiwa na mteja anayebabaika kati ya baiskeli mbili. “Mwulize anapita wapi kwanza,” ndilo jibu lake la kila mara.

Nyuma ya nyumba kuna fremu mbili kuukuu, zimelazwa moja mbele ya nyingine juu ya matofali. Mchomeleaji wa mtaa wa pili ameshakuja kuzipima. Wawili hawa wanataka kuziunga ziwe baiskeli moja ndefu, matandiko mawili, pedali jozi mbili. Mama Bomba ameomba likizo ya wiki moja mvua zikiisha.

“Nataka aione chemchemi,” anasema, kisha anajirekebisha, “nataka aisikie. Maji yanatoka kwenye mwamba kama watu wanaonong'ona. Mimi nitakaa mbele, nishike usukani.”

“Na mimi nyuma,” Fundi anadakia. “Kazi yangu kukanyaga na kunyamaza.”

“Kukanyaga atakanyaga,” anasema mkewe.