Nukta Nyekundu Yenye Mkia

Mtu aliyeitwa mwongo katika habari hii hakuwa mwongo, na aliyemwita hivyo ni mimi. Naanza na hilo nisije nikajipamba huko mbele. Hasira zangu ziko karibu. Mke wangu husema nikiungua ulimi kwa chai nakigombeza kikombe.

Mimi ni polisi wa doria, na kituo chetu kiko Beni, mashariki mwa Kongo. Kazi yetu kubwa ni kusindikiza malori ya kakao na magari ya abiria kwenye barabara zinazotoka mjini, watu sita ndani ya pickup moja. Kwa miaka mingi nafasi ya mbele, ile ya kusimama nyuma ya kichwa cha gari na bunduki mkononi, ilikuwa yangu, kwa sababu kwenye mazoezi hakuna aliyenipita kulenga. Commandant wetu, ambaye ndiye aliyetufundisha sote kulenga, alipenda kuwaambia wageni: "Huyu, umuonyeshe inzi, atakuuliza apige bawa gani." Nilikuwa nachekelea kila mara, hata nilipoisikia kwa mara ya ishirini.

Basi mradi mmoja wa usalama wa barabara ukakubali kutupatia vifaa vipya vya kulengea, vile ambavyo sisi tunaviita point rouge. Ni bomba fupi lenye vioo, linafungwa juu ya bunduki. Ukichungulia ndani, unaona nukta nyekundu inaelea mbele yako. Unaiweka nukta juu ya kile unachokilenga, imekwisha. Hakuna tena kupanga chuma cha nyuma na chuma cha mbele huku jasho linakuingia jichoni. Commandant akanituma Butembo kwa mama mmoja mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka ng'ambo, nichague aina moja inayotufaa na nirudi na mfano wake. Jumamosi tulikuwa na malori ya kusindikiza, na alitaka niwe nimeijua vizuri kabla ya hapo.

Duka la yule mama lilikuwa limejaa sola, betri, tochi na darubini. Mwenyewe alikuwa mnene, mtulivu, kitenge kimefungwa vizuri, na alinipa kiti kabla sijasema shida yangu.

"Karibu, papa. Ikala. Vitu viko vingi, uchague polepole."

Nilichagua kwa fahari, lazima nikiri. Nilitaka aone kwamba hakuletewa mjinga. Zile zenye kioo kimoja kilicho wazi nilizikataa palepale: mvua ya kwetu na vumbi la barabara vingeziba kijitaa chake siku ya kwanza, na nukta ingepotea ukiwa unaihitaji. Nikataka bomba lililofungwa pande zote. Halafu nikauliza betri. Nyingine zilitumia zile pile bapa za saa, nikazisukuma pembeni, kwa maana ikikuzimikia njiani, pile hiyo utaipata wapi? Nilitaka inayotumia pile nyembamba za rimoti ya televisheni, ambazo hata siku ya soko Musienene utazikuta zimepangwa pembeni ya maharagwe. Nikauliza kama mwanga unaweza kupunguzwa, maana nukta ikiwaka sana inafunika mtu mzima. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Zikabaki tatu.

Nikaichukua ya kwanza, nikaiwasha, nikasimama mlangoni, nikaielekeza kwenye ukuta mweupe wa nyumba iliyokuwa kwenye kilima cha pili.

Nukta ilikuwa na mkia. Badala ya kitu cha mviringo niliona alama nyekundu imevutwa kulia, kama nyanya iliyokanyagwa, na pembeni yake nukta nyingine hafifu. Nikapunguza mwanga. Mkia ukapungua, haukwisha, na ile ya pili ikabaki. Nikairudisha mezani, nikachukua ya pili. Mkia. Nikachukua ya tatu. Mkia, upande uleule.

Damu ikanipanda. Nilifikiria safari niliyofanya na Jumamosi inayokuja, nikamfikiria commandant anayeningoja.

"Mama, hii ni vitu ya bandia. Zote tatu zimeharibika! Unataka kuuwisha batu?"

Akaichukua ya tatu, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akachungulia. "Mie naona rond, muviringo."

"Utaona nini wakati weye njo unauzisha? Uko muongo, mama. Mwenye macho haambiwi tazama!"

Nilisema hivyo kwa sauti, na wateja wawili waliokuwa wanapima nyaya wakageuka. Yule mama hakunijibu kwa hasira, na hilo liliniudhi zaidi. Alinitazama usoni, kisha akanirudishia ile point rouge.

"Papa, geuza hii kitu polepole ndani ya mukono. Mukia inageuka?"

Nikaizungusha, huku nikijiandaa kumtukana tena. Bomba liligeuka. Mkia ulibaki kulia.

"Sasa inamisha kichwa."

Nikainamisha kichwa kuelekea bega. Mkia nao ukainama.

"Toa telefone yako. Weka jicho ya telefone fasi weye unawekaka jicho yako. Piga foto."

Nikapiga picha. Katika picha palikuwa na ule ukuta mweupe, na katikati yake nukta moja nyekundu, ya mviringo kabisa.

Nikapiga na ya pili. Nikapiga na ya kwanza. Zote mviringo. Wale wateja wakajifanya wanahesabu nyaya.

"Garde mumoja wa parc, mulinzi wa nyama ya pori, alitoka Mutwanga, akanitukana vilevile," mama alisema taratibu. "Vitu hapana bibaya, papa. Ni macho. Hii moja beba, umupelekee mukubwa wako. Lakini weye, enda kwanza bakupime."

Nilitaka kumwomba msamaha, sikumwomba. Nikasema "wasingya", ile asante yetu ya Kinande, kama mtu aliyeuziwa chumvi, nikatoka.

Katika hospitali moja pale mjini kuna chumba cha macho, na aliyenipokea alikuwa muuguzi mwanamke wa umri wa dada yangu mdogo. Jicho la kushoto lilisoma herufi zake zote. La kulia, lile ambalo nimelengea maisha yangu yote, lilikwama mstari wa tatu. Akanimulika jicho kwa kijitaa chake, akaandika, akaniuliza jambo nililoliona la kitoto.

"Papa, mwezi unaionaka namna gani?"

"Sawa vile batu bote banaionaka. Mbili. Moja inajificha nyuma ya ingine."

Akaweka kalamu chini. "Mwezi iko moja tu, papa."

Nilicheka. Nilifikiri ananitania. Yeye hakucheka, na mimi nikaona kicheko changu kinabaki peke yake chumbani. Nina miaka arobaini na mmoja. Tangu utoto nilijua kwamba mwezi una kivuli chake, kwamba taa ya mbali ina mwenzake pembeni, na sikuwahi kumuuliza mtu, maana nani anauliza watu wanaonaje mwezi? Akanieleza kwamba kioo cha mbele cha jicho langu kimebonyea upande mmoja, kwamba nilizaliwa hivyo, na kwamba miwani inaweza kulisaidia. Akanivalisha fremu nzito ya kupimia, akaingiza kioo, akakizungusha, akaniambia nitazame nje dirishani. Kwenye paa la kanisa palikuwa na msalaba. Ulikuwa mmoja. Kingo zake zilikuwa kali kama zimekatwa kwa wembe, nami nikaushika ukingo wa dirisha.

Miwani ingekuwa tayari baada ya wiki tatu.

Nilikaa kwenye benchi la nje, na hapo ndipo kitisho chenyewe kilipokuja. Nikamkumbuka motard mmoja.

Miaka miwili iliyopita, njia ya kwenda Mutwanga, pembeni ya mashamba ya kakao, majambazi walimshusha yule mwendesha pikipiki. Tulipotokea kwenye kona walikimbia, akabaki mmoja mwenye silaha, amesimama karibu naye sana. Nilikuwa mbele, kwenye nafasi yangu. Nikapiga. Jambazi akaingia kwenye shamba la kakao bila jeraha, na motard akaanguka ameshika mkono wake wa kulia, vidole vitatu havipo. Ripoti ilisema risasi iligonga chuma cha pikipiki ikageuka njia. Niliiamini ripoti hiyo kwa moyo wote. Nilimpelekea yule mtu kuku hospitalini, akaniambia, "Risasi hapana na macho, chef," tukashikana mikono, yeye kwa mkono wa kushoto.

Kwenye ubao wa mazoezi, mchana, bila haraka, nilikuwa nimezoea kuchagua: nikiona shabaha mbili, nalenga ya kushoto. Nilidhani ndiyo ufundi wenyewe. Siku ile hapakuwa na muda wa kuchagua. Palikuwa na watu wawili, na mimi niliona wengi zaidi. Chuma cha pikipiki hakikugeuza kitu. Mimi ndiye niliyemkata yule baba vidole, na kuku wangu akaliwa kwa shukrani. Nililia pale kwenye benchi, sikujali nani ananiona.

Sitaficha kwamba nilifikiri kunyamaza. Wiki tatu si mwaka. Ningesema nina malaria, ningerudi na miwani nikadai ni ya jua. Pikipiki iliyonishusha Beni ilitoka kwenye baridi ya Butembo ikaingia kwenye joto la kwetu, nami nilikuwa nafunga na kufungua uongo huo njia nzima, naupima upande huu na upande ule. Kila mara nilimaliza kwa Jumamosi, kwa mtu mwingine aliyesimama karibu na mwenye silaha. Kusema maana yake ilikuwa kushuka kutoka nafasi ya mbele, labda nisiirudie kamwe, na jina zuri nililokuwa nalo kugeuka kichekesho cha kambi. Nilipofika nilikuwa nimeamua kusema.

Commandant alikuwa ofisini, shati limefunguliwa vifungo viwili kwa joto. Nikaweka point rouge mezani, nikasimama wima, nikamwambia yote: duka, mkia, picha, mwezi, motard.

Alicheka. "Weye? Weye njo mutu yangu wa kwanza! Bale ba Butembo banataka kukuuzishia miwani. Jumamosi utakuwa mbele, donc usinisumbue."

"Commandant, naona mbili."

"Leta hapa hii kitu."

Akaiwasha, akasogea dirishani, akaielekeza kwenye mlingoti wa bendera uani. Alitazama. Akaishusha, akafuta kioo kwa shati, akatazama tena. Nilimwona akiizungusha mkononi polepole, kama nilivyoizungusha mimi kule dukani. Kisha akainamisha kichwa begani, na alibaki hivyo muda mrefu, mkubwa wangu, shingo imepinda.

"Ulisema inafaa ionekane namna gani?"

"Moja, commandant. Rond."

"Moja," alirudia.

Hakunitazama. Akaenda akaketi, akaweka ile point rouge mezani kwa uangalifu kama yai.

"Funga mulango."

Nikafunga.

"Batu ngapi batakwenda Jumamosi?"

"Sita."

"Kuko mumoja alishapimwa macho?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, commandant. Hata batu balitupatia bunduki hapana kutuuliza."

"Na bote ni mie nilibafundisha kulenga," alisema. Alisema kwa sauti ndogo sana, na nadhani hakuwa anasema na mimi. Nilihofia atalia, na sikujua mtu anafanya nini mkubwa wake akilia, basi nikatazama sakafu.

Halafu akachukua simu, akampigia mwenye malori ya kakao. Akamwambia Jumamosi hatutaweza kuja, ayafunge malori yake ndani ya depo, hata moja lisitoke, hata kama kakao itaoza, mpaka yeye mwenyewe atakapompigia. Yule mtu akapaza sauti, hata mimi nikamsikia akiuliza sababu. Commandant akafumba macho.

"Pickup imekufa," akamwambia. "Moteri."

Nje, chini ya dirisha, dereva wetu alikuwa ameiwasha pickup anaijaribu, na ilikuwa inanguruma vizuri sana.