Krismasi ya Kila Mtu Akae Kwake

Mimi Waluhya sina neno nao, ni majirani zangu wazuri, lakini familia ya Mzee Shiundu inanitia kichefuchefu. Nitasema hivyo hata wakiwa wamesimama hapa mlangoni wananisikiliza. Tunaishi ploti moja huku Kabiro, Kawangware, mabati yangu na yao yanagusana, kwa hivyo usiniambie eti nilisikia kwa watu. Niliona kwa macho yangu. Katika hao wote ninamtoa mmoja tu, Musimbi, binti mkubwa, na hata yeye kuna siku nilitaka kumshika mabega nimtingishe nimuulize, mama, wewe umelogwa?

Kazi ya Musimbi ni kunyonyoa kuku. Ukinunua kuku wako soko la Kawangware, unampelekea akiwa hai. Anamchinja, anamtumbukiza kwenye maji ya moto, anamnyonyoa, anambabua kwenye makaa, anatoa matumbo na kukukatia vipande unavyotaka. Ni kazi ya harufu. Manyoya mabichi na maji ya moto, unayasikia kwenye nywele zake hata Jumapili akiwa amevaa nguo ya kanisa. Lakini mikono yake, ai! Wateja walikuwa wanapanga foleni kwake na kuwaacha wengine wamekaa bure. Desemba ndiyo ilikuwa mavuno yake. Mwezi huo mmoja ulikuwa unambeba mpaka mvua za Aprili.

Mzee Shiundu, baba yake, alichonga mawe ya nyumba za watu tangu ujana, na vumbi lote likabaki kifuani mwake. Zamani alikaa Kibera kwa kijana wake Ambrose. Huyo Ambrose ukimuuliza anaishi wapi atakuambia Ayany, kule kwenye nyumba za mawe. Uongo mtupu! Anaishi upande huu wa ukuta, kwenye mabati kama sisi, ila akifungua mlango anaiona Ayany vizuri. Bibi yake alichoka na kikohozi cha mzee. Siku moja tukaona mzee ameshushwa hapa ploti na sanduku lake na redio yake, na Ambrose hata injini ya gari aliyoazima hakuizima. Musimbi akagawanya chumba chake kwa pazia, baba upande wa dirisha, yeye upande wa jiko.

Basi ikaja korona. Redio ikasema wazee wajifungie, hasa wenye vifua vibovu. Siku hiyo Musimbi alirudi kutoka sokoni, akasugua karai lake, akafuta kisu, akavitundika ukutani juu ya jiko. Nikamwambia, "Sasa utakula nini?"

"Tutakula chenye tutakula, Mama Mbuvi. Kule sokoni napumuliwa na kila mtu. Nikimletea baba hiyo kitu, nitamwambia Mungu nini?"

Nikampa kazi ya kunikatia sukuma hapa kwenye meza yangu ya mboga. Hebu fikiria, mwanamke aliyekuwa akisubiriwa na wateja, sasa anakata sukuma za watu, maski imemfunika uso mpaka machoni, na jioni anaondoka na zile nilizobakisha. Akaweka mtungi wa maji na sabuni mlangoni. Alimrudisha hata pasta, akamwambia aombee barabarani, Mungu atasikia. Mzee akawa analalamika dirishani kila anayepita amsikie, "Huyu msichana amenifunga kama mbuzi!" Musimbi anacheka tu, anaendelea kukata.

Ilipokaribia Krismasi, mwenye banda la kuku alimtumia ujumbe, njoo hata wiki moja tu, tumelemewa. Akakataa. Hapo ndipo nilipomwona analia, tena si kwa sauti, machozi yanaingia kwenye maski na kisu kinaenda. Nilikasirika nikamwambia ana ndugu wengine, kwa nini abebe peke yake. Akasema ndugu zake ndio anaowaogopa zaidi.

Alikuwa ameshawaambia kwenye lile kundi lao la simu, jamani, mwaka huu tusikutane, kifua cha baba hakiwezi. Ungeona walivyomrukia! Khamala, ndugu yake wa boda boda, akamwuliza tangu lini baba akawa wake peke yake. Mitchelle, kitinda mimba, anayesuka watu pale Nyayo Highrise, akasema Musimbi anapenda kujifanya mama yao. Halafu wiki ikapita, Ambrose akaandika maneno yale yale, ila yeye alianza na salamu katika jina la Yesu: mwaka huu hakuna kwenda ingo, yaani kijijini, hakuna kukusanyika, kila mtu akae kwake, afya ya baba kwanza. Loo! Ghafla ikawa hekima. Khamala akajibu, "Uko right bro." Mitchelle akaweka mikono ya maombi mstari mzima. Musimbi akaniletea simu nisome, uso unang'aa. "Mama Mbuvi, wamenisikia."

Mimi nilimrudishia simu yake, nikaendelea kufunga sukuma. 

Siku ya Krismasi nilikuwa nje nachambua mchele, asubuhi bado kuna baridi. Namwona Mitchelle anaingia kwa lango la ploti, kucha ndefu, wigi mpya, na mfuko unaopigapiga mabawa. Musimbi akasimama mlangoni.

"Si tulikubaliana?"

"Siz, nimepita tu. Dakika moja. Nisalimie baba nitoke. Usiambie wengine, tafadhali." Akamnyooshea ule mfuko. "Shika kuku. Utaninyonyolea?"

Bado wanabishana, pikipiki ikanguruma. Khamala. Jogoo amefungwa nyuma, kichwa chini. Khamala alipomwona Mitchelle alisimama kama mtu aliyeshikwa akiiba. Halafu wakaanza kurushiana maneno, wewe umefuata nini, na wewe je, si uliandika uko right kwenye grupu. Kabla hawajamaliza, Ambrose huyo. Suti, tai, bibi, watoto na jogoo mwekundu mkubwa aliyeshikwa miguu. Aliwaona wenzake, akavuta maski chini ya kidevu ili asikike vizuri, akaanza kuwahubiria.

"Hii ni utovu wa nidhamu! Mimi niliandika nini? Niliandika nini? Mnataka kumuua mzee?"

Khamala akamjibu, "Na wewe hiyo kuku unaipeleka wapi, Ayany?"

Watoto wa ploti wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, nakubali. Lakini nilimtazama Musimbi kicheko kikanikauka. Alikuwa amejaza mlango wote kwa mwili wake, mikono huku na huku, kama anazuia ng'ombe.

"Kaeni hapa nje," akasema. "Nitawaletea viti. Baba atawasalimia kwa dirisha. Tafadhali."

Mlango ukasukumwa kutoka ndani. Mzee Shiundu akatokea amevaa koti lake la kanisa, amenyoa, viatu vinang'aa. Nani aliyempigia viatu rangi? Aliipiga mwenyewe, alfajiri, Musimbi akiwa amelala. Alikuwa akiwangoja.

"Baba, kwani wewe ulijua tunakuja?" Mitchelle akauliza. Kisha akawageukia wenzake. "Mimi baba alinipigia. Aliniambia nije peke yangu, nisiwaambie, eti mimi ndiye roho yake."

"Alikuambia wewe?" Khamala akasema. "Mimi aliniambia mimi ndiye kijana anayemwelewa. Nije peke yangu."

 Ambrose alikohoa kidogo akarekebisha tai, na bibi yake akatazama pembeni, tukajua na yeye alipigiwa.

Mzee akacheka mpaka akashika mlango. Hakuona haya hata kidogo! Alifurahi kama mtu aliyeshinda mchezo wa bao. "Ningewaita wote mngekataa," akasema. "Kila mtu angemsukumia mwingine. Nilitaka kuwaona."

Musimbi akamwangalia. "Na mimi baba? Mimi uliniambia nini?"

"Wewe nikupigie simu ya nini? Si uko hapa?"

Alisema hivyo tu, akampita, akamkumbatia Ambrose. Tangu Machi Musimbi alikuwa hajamkumbatia baba yake, alikuwa anamwekea chai kwenye kiti na kurudi nyuma. Sasa walimzunguka wote, wanamshika, wanampapasa, wajukuu wanamning'inia. Musimbi aliweka mikono chini, akawapisha mlangoni.

Waliingia ndani. Viti nilivyokuwa nimemtolea Musimbi vilibaki kwenye jua. Chumba kile, ukinyoosha miguu unagonga jiko, wakajipanga kitandani, sakafuni, dirisha wakafunga kwa sababu bibi ya Ambrose alisema mtaro unanuka. Maski wakazitia mifukoni ili waombe. Khamala akakohoa, akasema ni vumbi ya barabara. Na wale kuku? Ah, wale kuku waliachiwa mwenye kazi yake! Musimbi alikaa hapa nje kando ya maji yanayochemka, akawanyonyoa mmoja baada ya mwingine, na ndani wanaimba pambio. Nilimwambia, "Wape wanyonyoe wenyewe, mashetani hawa." Akasema watamwaga nyongo, nyama iwe chungu, na baba amengoja siku hii. Nilitema mate. Sisemi uongo, nilitema mate pale chini.

Mzee alikula firigisi zote, kwa heshima yake. Walipiga picha. Kafyu ilipokaribia waliondoka wakilambalamba vidole, na hakuna aliyebaki kufagia manyoya.

Baada ya mwaka mpya mzee akaanza kupanda joto. Mara akawa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Musimbi akanigongea, tukamshika huku na huku mpaka kwa teksi, tukaenda hospitali. Niliingia nao kwa sababu mzee hakuweza kusimama bila kushikwa pande zote mbili. Daktari alikuwa msichana mdogo, amejifunika plastiki kuanzia kichwani. Aliwapima joto, mzee na binti, akasema kifua cha mzee ni korona, akamtia mpira wa hewa puani, akainama karibu naye.

"Mzee, sikukuu mlikuwa na wageni? Kuna mtu alikohoa nyumbani?"

Mzee Shiundu akafumbua macho. Aliniona mimi. Alimwona Musimbi. Alijua vizuri kabisa tunachojua.

"Hakuna mtu alikuja, daktari. Watoto wangu ni watu wa kufuata sheria. Tulikaa sisi wawili. Lakini huyu hufanya kazi sokoni, ananyonyoa kuku. Huko kuna watu wengi."

Daktari akamgeukia Musimbi. Hakumfokea, ingekuwa afadhali angemfokea. Alimwambia polepole, kama unavyomwambia mtoto, kwamba wazee ni wa kulindwa, na mtu wa sokoni anapaswa kuoga na kubadilisha nguo kabla ya kumkaribia mgonjwa. "Mama, hukuambiwa?"

Nikadakia. "Daktari, huyu mwanamke hajakanyaga soko tangu..." Mzee akaanza kukohoa, kikohozi cha kupasua mbavu, na Musimbi akanishika mkono kwa nguvu.

"Wacha, Mama Mbuvi. Wacha apate hewa." Akamgeukia daktari. "Niliambiwa, daktari."

Tulipotoka pale nje simu yake ikalia. Alisoma, akanipa. Alikuwa Ambrose, kwenye kundi: "Musimbi, sisi tulikuachia mzee mikononi mwako. Ilikuwaje ukazembea?" Chini yake Khamala ameandika, "Kweli." Chini yake Mitchelle ameweka mikono ya maombi. Nilitaka kuitupa ile simu mtaroni. Nimeona uchafu mwingi Kawangware, nimeruka vitu asubuhi siwezi kuvitaja na watu wakila, lakini uchafu kama huo bado sijauona.

Mzee hakufa. Alikaa kwenye hewa, akapungua akawa mifupa, kisha akapata nafuu wakamruhusu. Musimbi ndiye aliyekuwa akipeleka uji mpaka kwa lango la hospitali, kila siku. Wale wengine walituma salamu. Tulimrudisha nyumbani, Musimbi akampangusa, akambadilisha, akamlaza upande wake wa dirisha. Hakumwuliza neno. Mimi nilidhani amesamehe, na niliudhika naye kwa hilo.

Kesho yake nilikuwa nimeshapanga mboga mezani. Mlango wao ulikuwa wazi. Nikamwona Musimbi amevaa gambuti za mpira, amefunga kitambaa kichwani, anatungua karai ukutani. Kisha akatungua kisu pia. Uji alikuwa ameuweka kwenye kiti karibu na kitanda, umefunikwa.

"Unaenda wapi?" mzee akauliza.

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Ile uliyomwambia daktari."

 Nilisikia kitanda kikilia, kama anajaribu kuinuka. "Na mimi nitabaki na nani?"

Musimbi alikuwa ameshatoka, anafunga kamba ya karai begani. Hakugeuka, na hakusema kwa hasira.

"Wapigie simu, baba. Kila mmoja mwambie aje peke yake."

Akanisalimia, akapita langoni. Mzee akaanza kuita, kwanza yeye, halafu akaniita mimi, Mama Mbuvi, Mama Mbuvi, mrudishe. Nilimsikia vizuri. Nilichukua fungu lingine la sukuma nikaanza kulikata.