Balbu Juu ya Meza

Mama Balbu, ndivyo tulivyomwita mhandisi wetu pale karakana, aliyebuni vidhibiti vya inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Mita za kupimia umeme alikuwa nazo tele, ila aliamini balbu moja iliyoning'inia juu ya meza. Akimaliza kurekebisha programu, hukunja mikono na kusema, "Haya wanangu, mtwisheni huyu inveta mzigo." Tunawasha pasi, birika na pampu kwa mpigo. Balbu ikififia kidogo tu, hucheka: "Bado anashtuka, maskini!" Kisha hurudi kuandika.

Siku balbu ilipotulia tuli, tulishangilia. Yeye alibaki akiitazama. "Marehemu mama alishona nguo za watu kwa taa inayofifiafifia," akasema. "Hii angeipenda."

Alishastaafu. Nyumbani kwangu, inveta yake ingali inafanya kazi. Pasi ikiwashwa, nainua macho. Balbu haishtuki. Natamani ishtuke mara moja tu, nimsikie akicheka.